Mwezi wa Nne Nguo Hazikauki

Tukuyu mwezi wa nne jua ni uvumi.
Mvua inashona usiku na mchana kwa uzi uleule,
na chupi zangu tatu zipo jikoni,
zimefichwa chini ya kanga kwenye kamba ya katani,
zinanuka moshi, hazijakauka.
Nilizivaa hivyohivyo.
Chai haimsubiri mchumaji.

Siku ya kwanza nikasema ni jasho.
Ya pili nikasema UTI, maana kwetu
kila kinachouma chini ya kitovu ni UTI.
Ya tatu, katikati ya mistari ya chai,
nikabana mapaja, nikajinyonganyonga,
nyapara akauliza, Tupokigwe, hiyo ngoma gani?

Mwasho hauna adabu.
Unakuja kanisani, kwenye sala ndefu.
Unakuja umeshika sahani ya mkwe.

Ute mweupe, mzito, mtindi uliokatika,
hauna harufu, ila mkojo ukipita panawaka.
Na mimi, badala ya dawa, nikatafuta mshitakiwa.
Ambakisye alikuwa amerudi juzi kutoka Tunduma.
Nikapekua suruali:
risiti ya dizeli, njugu mbili, shilingi mia.
Nikanusa shati. Lilinuka shati.
Usiku nikampa mgongo, na mgongo ukasema yote.

Mama Lugano alileta ushauri:
ndimu na chumvi kwenye beseni, ukalie.
Nilikalia. Mara moja.
Sitasimulia. Mbwa wa nyumba ya tatu anajua.

Kwa Subilaga, duka la dawa,
nilingoja wateja waishe, nikanunua panadol.
Nikarudi, nikanunua plasta.
Mara ya tatu akaweka kalamu chini:
Dada, sema kilichokuleta.
Nikasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu sadaka ya mwenzake.
Yeye hakupandisha yake wala hakuishusha.
Una mimba? Hapana.
Homa, damu, tumbo kuuma? Hapana.
Umewahi kuugua hivi? Nikiwa na Lusajo tumboni; kliniki walinipima.
Umemeza nini karibuni?
Jino, nikasema. Vidonge vya rangi mbili, siku saba.
Akaitikia kwa kichwa, fundi aliyeiona nati iliyolegea.
Dawa ya jino haichagui, akasema.
Imefukuza wezi wa juu na walinzi wa chini,
fangasi wamekuta mlango wazi.

Akanipa kijiti chenye karatasi ya manjano.
Ikigeuka kijani, usininunulie kitu, panda hospitali.
Ikibaki ilivyo, huenda ni hao hao.
Huenda, akarudia. Karatasi si daktari.

Chooni, tochi ya simu nimeing'ata,
mguu mmoja juu ya ndoo,
nikagusa ukuta wa ndani, nikatoa, nikahesabu.
Mvua ilipiga bati, nikapoteza hesabu,
nikaanza tena.
Manjano.
Sikuwahi kuipenda rangi hiyo kabla.

Usiku sita, kidonge kimoja kila usiku,
kinasukumwa ndani kabisa, mtu amelala chali
anatazama masizi ya dari.
Sabuni ya manukato nikaiachia mikono.
Usiku wa tatu sikujikuna, nikataka kuacha,
nikakumbuka kidole cha Subilaga: maliza.
Usiku wa nne nikamgeukia Ambakisye.
Lilikuwa jino, nikamwambia.
Jino gani?
Lala, nikasema,
kwani nitamwombaje radhi mtu
kwa kesi ambayo hakujua ameshitakiwa?

Jumamosi jua likatoka.
Nikazichukua chupi zote tatu,
nikazianika uani, bila kanga, mbele ya barabara.
Mkwe akapita. Akatazama. Akakohoa.
Akaingia ndani, akakawia,
akarudi na zake mkononi.

Hajabana ya pili, mvua ikarudi.